Kipato cha wilaya kimepanda, cha kaya ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila bajeti ikikaribia tunasikia wakubwa wakisema kipato cha wananchi wa huku kimepanda, na nyie mnakiandika hivyohivyo bila kuuliza kimepatikanaje. Mimi nafundisha hesabu sekondari huku Tukuyu, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mara nyingi namba inayotajwa ni pato la mkoa limegawanywa kwa idadi ya watu basi. Sasa chukua kaya tano za kijijini, tuseme ya kwanza inaingiza laki 8 kwa mwaka, ya pili milioni 1.1, ya tatu 1.4, ya nne 1.9, halafu ya tano ni ya jamaa mwenye shamba kubwa la parachichi za kupeleka nje, milioni 30. Wastani unakuja milioni 7 na kidogo, na hapo kijijini hakuna hata mmoja anayeipata hiyo milioni 7! Zipange kuanzia ndogo uchukue ya katikati, ni milioni 1.4, hiyo ndo inakwambia mtu wa kawaida anaishije. Iringa huwa haikosi kwenye mikoa ya juu kwa pato la mtu, lakini utafiti wa afya wa 2022 uliikuta inaongoza nchi nzima kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano, asilimia 56.9 wakati taifa ni 30. Najua udumavu una mambo yake mengine, mama kushinda shambani, mtoto kulishwa uji wa mahindi matupu, ila mtu akiniletea wastani wa mkoa kama ushahidi wa maisha mazuri namuuliza kuhusu hawa watoto.

Na kuipata hiyo kaya ya katikati si mchezo. Karani akimuuliza mzee wa huku mwaka jana umepata shilingi ngapi, atajibu nini? Viazi ameuza kwa lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi na kilemba chake cha juu kimeshonewa kamba, ila kwenye karatasi linaandikwa gunia moja kama magunia mengine, ndizi mama anauza mkungu mmoja mmoja barabarani na hela inaishia kwenye sabuni na daftari za watoto, kijana aliyeko Tunduma katuma ya mbolea kwa simu, na nusu ya mahindi imeliwa hapohapo nyumbani, haijaona soko. Ndo maana Ofisi ya Taifa ya Takwimu ikipima umaskini inaangalia matumizi, kaya inaandikiwa kila siku imenunua nini na imekula nini cha shambani kwake, na kazi inakwenda mwaka mzima ili wasije wakakukuta mwezi wa mavuno tu wakadhani ndo maisha yako.

Shida ni kwamba utafiti wao huo wa 2017/18 ulilenga kaya 9,552 kwa Tanzania Bara yote. Gawa kwa halmashauri 184, unabaki na hamsini na kitu kila moja, na kwa kaya hamsini huwezi kuisemea wilaya nzima. Wenzetu Marekani wana shida hiyohiyo, maeneo yenye watu chini ya 65,000 wanaunganisha majibu ya miaka mitano ndo wanatoa kipato cha kaya ya katikati. Sisi tafiti zenyewe zinapishana miaka, 2007, 2011/12, 2017/18, kwa hiyo njia inayofaa ni kuoanisha utafiti na sensa, maana sensa inamfikia kila mtu na inauliza bati, sakafu, umeme na mifugo, ukishajua kaya za aina gani zinatumia kiasi gani unaweza kukadiria mpaka ngazi ya wilaya.

Kulinganisha miaka nako kuna mitego. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiasi ambacho ukiwa chini yake unahesabiwa maskini, ulikuwa shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa mwezi mwaka 2011/12, 2017/18 ukawa 49,320, yaani aliyeongeza kipato kwa theluthi moja katika hiyo miaka hajasogea popote. Halafu mipaka. Sensa ya 2012 Mbeya ilikuwa na watu 2,707,410, ya 2022 ikawa 2,343,754, asiyejua atasema watu wamekimbia mkoa, kumbe Songwe ilimegwa 2016 ikaondoka na Mbozi, Momba na Ileje pamoja na kahawa yao na biashara ya mpakani. Rungwe, wilaya yetu ya huku Tukuyu, nayo si ile ya zamani, Busokelo iliyokuwa ndani yake sasa ina halmashauri yake.

Kwa hiyo Mhariri, safari ijayo mkiletewa hiyo taarifa waulizeni ni wastani au kaya ya katikati, kwa bei za mwaka gani, mipaka ya lini na kaya ngapi zimehojiwa. Wakishindwa kujibu, andikeni kwamba wameshindwa.

Mwalimu wa hesabu,
Tukuyu, Mbeya