Mixa ya taa haijui taa zako: panga anwani kabla ya kugusa slaida

Makanisa na kumbi za sherehe hutupigia simu kwa malalamiko yanayofanana: mixa ya taa imenunuliwa, nyaya zimeunganishwa, umeme upo, lakini taa hazitii. Mixa yenyewe karibu kila mara ni ile nyeusi ya chaneli 192, yenye vitufe 12 vya kuchagulia taa na slaida 8 (vidude vya kusogeza juu na chini). Ni mashine nzuri kwa bei yake, na mara chache sana huwa ndiyo mbovu.

Mixa haijui kama umeifungia taa za PAR (za kumulika, zisizogeuka), muvinghedi (taa zenye kichwa kinachozunguka) au mashine ya moshi. Inachofanya ni kutuma namba kwenye waya. Kila chaneli, yaani njia ya kuongoza kitu kimoja cha taa kama mwangaza au rangi, hupewa thamani kati ya 0 na 255, tena na tena kila sekunde, na taa zote zilizo kwenye waya huo hupokea namba zote. Anwani, namba unayoipanga kwenye taa yenyewe, ndiyo inayoielekeza taa ianze kusoma wapi. Taa ya chaneli 7 yenye anwani 1 itasoma chaneli ya 1 hadi ya 7, zinazobaki itazipuuza. Utaratibu huu unaitwa DMX512, ulitungwa Marekani mwaka 1986, na ndio unaofanya taa ya kampuni moja ielewane na mixa ya kampuni nyingine.

Sasa mixa ya chaneli 192 ina tabia yake: kila kitufe cha taa kimetengewa chaneli 16, utumie usitumie. Kitufe cha 1 kinaanzia anwani 1, cha 2 kinaanzia 17, cha 3 kinaanzia 33, halafu 49, 65, 81, 97, 113, 129, 145, 161, na cha 12 kinaanzia 177. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu ana taa za chaneli 7, anapiga hesabu ya kawaida, anaipa ya kwanza anwani 1, ya pili 8, ya tatu 15. Akibonyeza kitufe cha 1, taa ya pili nayo inaitikia kwenye slaida ya 8. Akibonyeza cha 2, taa ya tatu inawaka rangi asiyoitaka. Anadhani mixa ni mbovu, kumbe inafanya kama ilivyoundwa. Na taa yenye anwani 200 haitawaka kabisa, kwa sababu namba za mixa hii zinaishia 192.

Taa zenye kioo kidogo nyuma huonyesha anwani kwa maandishi kama d001 au A001. Zile za zamani zina swichi ndogo 10 zilizopangwa mstari, na thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128 na 256. Ya kumi mara nyingi ndiyo ya kuiambia taa isikilize DMX. Anwani 17 ni 16 na 1, kwa hiyo washa swichi ya 5 na ya 1. Anwani 49 ni 32, 16 na 1: swichi ya 6, ya 5 na ya 1.

Vitufe 12 si lazima viwe na maana ya taa 12. Taa zenye kazi moja zipe anwani moja, nazo zitafanya kazi kama taa moja kubwa. Kwa jukwaa la kanisa la kawaida tunapanga hivi: PAR nne za mbele kushoto zote anwani 1, nne za mbele kulia zote 17, nne za nyuma zote 33. Muvinghedi nne kila moja na yake, yaani 49, 65, 81 na 97. Mashine ya moshi, kama inapokea DMX, 113. Taa 16 na mashine ya moshi zimetumia vitufe 8 tu. Andika mpango huo kwenye karatasi, ubandike kwenye mixa yenyewe. Fundi wa zamu nyingine atakushukuru.

Muvinghedi nyingi huwa na hali mbili au tatu za chaneli kwenye menyu. Chagua ya 16 au pungufu. Ukiiacha kwenye chaneli 20 au 24 itavuka mpaka na kula chaneli za kitufe kinachofuata, kisha utaona taa mbili zikivurugana bila sababu inayoonekana.

Kurekodi sini (mwonekano wa taa uliohifadhiwa kwenye mixa) kwenyewe ni kazi fupi. Shikilia PROGRAM kama sekunde 3 hadi taa yake ianze kumetameta. Chagua kitufe cha taa, sogeza slaida. PAGE A ni chaneli 1 hadi 8, PAGE B ni 9 hadi 16. Ukimaliza kikundi hicho, zima kitufe chake kabla ya kuchagua kingine, la sivyo slaida moja itasogeza vikundi vyote viwili. Mwonekano ukikuridhisha, bonyeza MIDI/REC, kisha kitufe cha sini unayotaka kuihifadhia. Mixa ina benki 30 zenye sini 8 kila moja, jumla 240, lakini ibada nzima inatosha kwenye benki moja: mahubiri, sifa, maombi, matangazo, wageni wakiingia. Sini nyingi mno humchanganya anayeendesha. Ili kutoka, shikilia PROGRAM tena. Taa zote zitazimika, na hapo wengi hushtuka wakidhani wamefuta kazi yao. Hawajafuta kitu: mixa hujiweka BLACKOUT (hali ya kuzima taa zote) ikitoka kwenye kurekodi, na mara nyingi hata ikiwashwa. Bonyeza kitufe hicho mara moja, taa zitarudi.

Taa ya PAR ikigoma kuwaka ilhali anwani ni sahihi, angalia chaneli ya 1. Kwenye PAR nyingi za LED hiyo ndiyo dima kuu, inayoongoza mwangaza wote wa taa. Ikiwa 0, nyekundu hata ukiipandisha hadi 255 hutaona kitu. Zinazofuata kwa kawaida ni nyekundu, kijani, bluu, nyeupe, kisha strobu (kuwaka na kuzima haraka) na chaneli ya programu za ndani. Hiyo ya mwisho iache 0, vinginevyo taa itacheza disko lake yenyewe. Kwa uso wa mhubiri au bibi harusi mbele ya kamera, tumia chaneli ya nyeupe. Weupe wa kuchanganya rangi tatu huifanya ngozi yetu ionekane ya kijivu kwenye video.

Taa zikibadilika zenyewe katikati ya mahubiri, angalia kwanza kama AUTO au MUSIC imewaka kwenye mixa. Hizo mbili huzungusha sini zote za benki, moja kwa muda uliopangwa, nyingine kwa kufuata sauti.

Zikimetameta au kuruka ovyo, shuku waya. Waya wa maikrofoni unaingia kwenye plagi vizuri na kwa mita chache utafanya kazi, ndiyo maana watu huutumia. Lakini haukutengenezwa kwa mawimbi haya. DMX inataka waya wa ohm 110 hadi 120. Wa maikrofoni una ohm pungufu, na kadiri unavyorefuka ndivyo namba zinavyofika zimeharibika. Pitisha waya kutoka taa hadi taa, usiugawe njia mbili kwa plagi ya matawi, na usizidishe vifaa 32 kwenye mstari mmoja bila spilita (kifaa cha kugawa mawimbi) yenye umeme wake. Mwisho wa mstari, kwenye tundu la DMX OUT la taa ya mwisho, chomeka plagi dume ya XLR (aina ile ya maikrofoni) iliyolehemewa rezista ya ohm 120 kati ya pini 2 na 3. Bila hiyo mawimbi hugonga mwisho na kurudi nyuma. Rezista ni ya bei ndogo sana, na imewahi kumaliza tatizo ambalo mteja alikuwa tayari kununulia mixa mpya.

Kuhusu umeme: ekstensheni ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu watt 2,990, lakini kwa sherehe ya saa nyingi sisi hatuzidishi 2,000. Muvinghedi za taa ya watt 230 ziwashe moja moja, na ukimaliza zima taa kwa menyu kwanza, uache feni ipoze dakika 10 hivi kabla ya kuchomoa. Mixa iwekee UPS ndogo (betri ya akiba), kwa sababu jenereta ikishtuka kidogo tu mixa hujiwasha upya, na ukumbi unabaki gizani mpaka mtu akumbuke kubonyeza BLACKOUT.

Ukituita, tutumie mapema picha ya nyuma ya kila aina ya taa, idadi yake, na umbali kutoka meza ya fundi hadi jukwaani. Kwa hayo matatu tunaandaa mpango wa anwani na waya wa kutosha kabla ya kufika.