Viminyoo kwenye tenki la samaki, acheni kukimbilia dawa

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kidogo niseme na wenzangu tunaofuga samaki wa mapambo, hasa hapa Kampala. Mtu akiona viminyoo vyeupe vyembamba vinajinyonganyonga kwenye kioo anapaniki, anarudi dukani, na muuzaji badala ya kumuuliza samaki wanalishwaje anamtolea chupa ya dawa. Kuna mmoja alimwambia jirani yangu atie jiki kidogo eti inasafisha maji. Jiki, na samaki wamo ndani jamani! Kesho yake wote wanaelea.

Vile vyeupe vya mviringo kama uzi haviumi samaki wala haviingii mwilini, kazi yao ni kula mabaki ya chakula na mavi ya samaki kule chini kwenye changarawe, so ukiviona vingi ujue unalisha kupita kiasi. Na sisi huku tunasaga mukene (dagaa) tunamwaga kiganja kizima, nusu inazama inaoza. Halafu umeme ukikatika pampu inazima, oksijeni kule chini inaisha, ndo unaviona vinapanda kwenye kioo mtu anadhani vimezaliwa usiku ule, kumbe vilikuwepo siku zote vinatafuta hewa tu.

Dawa yake ni mpira wa maji na ndoo. Nyonya uchafu ulio kwenye changarawe, toa kama robo ya maji kila wiki, uweke ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima klorini ipungue, na chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili hivi basi. Vingine samaki wenyewe watavila. Ukiviua vyote kwa mpigo vinaoza humo humo, amonia inapanda, na hiyo ndo inaua samaki.

Sisemi kila mnyoo ni wa kupuuza. Ukimwona bapa, kichwa pembetatu, anateleza polepole kwenye kioo, huyo ni planaria, anaweza kula mayai ya samaki na kusumbua uduvi, na usimkatekate maana vipande vyake vinaota minyoo mizima. Na ukiona vijiuzi vyekundu vinachungulia kwenye tundu la haja la samaki hapo usicheze kabisa, ni kamalanasi, wanamnyonya damu ndani ya utumbo. Nenda kwa daktari wa mifugo uulizie levamisole, kipimo ni kwa lita za maji sio kwa kukisia, na unatibu tenki zima, sio samaki mmoja. Dawa yenyewe inawapooza tu hao minyoo wanatoka, kwa hiyo mpira na ndoo tena uwatoe.

Nyie wauzaji, mteja akija muulizeni kwanza mnyoo ana rangi gani na amemwona wapi, kwenye kioo au kwa samaki mwenyewe, swali hilo halina gharama. Na maji machafu ya tenki msiyamwage kwenye mtaro yakaenda ziwani na konokono na majani yake ya kigeni. Mwagieni migomba, maji hayo inayapenda sana.

Mfugaji wa samaki,
Ntinda, Kampala