Mpaka wa mabomba ya majitaka ujulikane kabla ya masika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakazi wengi wa Nairobi hulikumbuka majitaka yakishafika sebuleni: bomba likiziba, ni nani anayepaswa kulizibua, mwenye nyumba au kampuni ya maji?

Kuhusu maji safi, wengi tunajua kwamba mita ndiyo mpaka, na kwamba bomba likipasuka upande wa nyumbani gharama ni ya mteja. Majitaka hayana mita. Hata hivyo mpaka upo: mabomba yatokayo chooni, bafuni na jikoni, pamoja na mashimo ya ukaguzi (yale yenye vifuniko, ya kukagulia na kuzibulia mabomba) yaliyo ndani ya ploti, ni juu ya mwenye nyumba kuyatunza hadi yanapoungana na bomba kuu la umma, na kuanzia hapo kazi ni ya kampuni.

Msimu wa masika uliopita, katika safu yetu ya nyumba hapa Buruburu, majitaka yalipanda kupitia tundu la sakafu ya bafu na kuingia chumbani mwa mama mzee anayeishi nyumba ya mwisho, upande wa chini. Majirani sote tulikubaliana kwamba hilo lilikuwa jukumu la kampuni. Fundi alipolitafuta shimo la ukaguzi ambalo nyumba zetu hulitumia kwa pamoja, alilikuta chini ya vigae vya jiko ambalo jirani mmoja aliliongeza nyuma ya nyumba yake. Isitoshe, mifereji ya paa za nyumba tatu, yangu ikiwa mojawapo, ilikuwa imeunganishwa na bomba la majitaka. Aliyeniunganishia aliniambia kuwa hiyo ndiyo njia rahisi, nami sikuuliza zaidi. Mama yule alilazimika kutupa godoro na zulia lake kwa kosa letu sisi tulio juu yake, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mabomba ya majitaka ya jiji hili hayakukusudiwa kubeba maji ya mvua. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 5,000, na bomba la inchi 4 linalopokea mzigo huo kutoka nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, huku likiwa tayari limepungua upana kwa mafuta ya kupikia yaliyoganda na vitambaa vilivyotupwa chooni, haliwezi kuhimili. Hatari haiishii kwenye harufu. Katika mitaa yenye mgao wa maji, bomba la maji safi likikauka huku likiwa na ufa karibu na majitaka yaliyotuama, uchafu huweza kuingia ndani yake, na maji yanaporudi huufikisha hadi jikoni.

Kabla ya kulaumu upande wowote, mwenye nyumba afunue shimo la mwisho lililo ndani ya ploti yake. Likiwa kavu ilhali choo kimejaa, kizuizi kiko kati ya nyumba na shimo hilo, na anayehitajika ni fundi wake. Likiwa limejaa hadi juu, kizuizi kiko mbele, na kama kiko kwenye bomba kuu la umma kampuni inapaswa kuitwa, nayo ifike upesi, kwa kuwa huduma ya majitaka tunailipia katika ankara ya kila mwezi. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inamruhusu afisa wa afya kumwamuru mwenye ploti kuondoa uchafu unaohatarisha wengine, lakini amri hiyo haina nguvu mahali ambapo hakuna anayejua bomba ni la nani.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti isiidhinishe nyongeza yoyote ya jengo kabla ofisa wake hajayaona mashimo ya ukaguzi kwa macho yake, na kampuni ya maji imwonyeshe kila mteja, kwa mchoro, mahali wajibu wake unapokomea. Wenye nyumba wanaochangia bomba moja nao waandikiane jinsi watakavyogawana gharama, kabla halijaziba.

Mifereji ya paa langu nimeielekeza kwenye mtaro wa mvua, na majirani wawili wamefanya vivyo hivyo. Shimo la ukaguzi bado liko chini ya vigae vya jiko.

Mkazi wa Buruburu,
Nairobi