Kugeuza gari la otomatiki kuwa manyuo (la kukanyaga klachi na kubadili gia mwenyewe) sio kazi ya jioni moja

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Hawa mafundi wetu siku hizi gari kama Toyota Mark II GX100 ikianza tu kuteleza gia wanakwambia bosi toa hiyo otomatiki tuweke manyuo, hata hawajachungulia oili ya gia boksi kama imeungua au imepungua tu!

Mi sipingi, manyuo naipenda, ila waseme ukweli kwamba gia boksi yenyewe ndo sehemu ndogo. Unataka flaiwili, klachi pleti na presha pleti, klachi masta ya juu na ya chini, pedali zake, kabeari kadogo kale ka nyuma ya kranki shafti (hako ndo wanasahau kila siku) na propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu matairi ya nyuma) nayo mara nyingi urefu haulingani inabidi ikachongwe. Ndo maana bora ununue vya gari moja lililochinjwa (lililofunguliwa kuuzwa spea) kuliko kuokoteza kimoja Gerezani kingine Ilala.

Kinachoniudhi zaidi ni waya wa stata. Otomatiki ina swichi inayozuia isiwake mpaka gia iwe P (ya kuegesha) au N (frii), sasa fundi akishatoa ile swichi anaunga waya moja kwa moja basi kamaliza, halafu siku mtoto anacheza na funguo gari iko kwenye gia linaruka mbele linagonga ukuta au mtu. Swichi ya kwenye pedali ya klachi, ya gari lisiwake mpaka ukanyage klachi, ipo jamani na wala sio ghali, mafundi fungeni!

Msomaji, Tabata, Dar es Salaam