Yule chifu uliyemwita mnyonge

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama naye anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana imeniudhi kidogo. Umesema Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, kabila la Wahindi Wekundu wa Marekani, alikuwa mnyonge, kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ila yeye hakushtuka, akazidi kuwaamini Wazungu. Ngoja nikujibu.

Uchifu wa kule haukuwa usultani. Palikuwa na baraza la machifu 44, na aliyeingia humo vita aliviacha: hata mwanawe akiuawa mlangoni pa hema lake, kazi yake ni kusuluhisha. Vijana wa vita, hasa wale Dog Soldiers, walikuwa na wakubwa wao. Kwa hiyo mwaka 1861 alipotia saini na serikali ya Marekani mkataba wa Fort Wise, uliowabakizia kipande tu cha ardhi waliyotambuliwa kuwa yao mwaka 1851, hakuwa na fimbo ya kuwachapa waliokataa. Wazungu nao wakamdai yeye kila mshale uliorushwa.

Mei 1864, mwenzake Lean Bear, aliyekuwa amekutana na Rais Lincoln mjini Washington mwaka mmoja kabla, alitoka kuwalaki askari na nishani yake kifuani. Wakampiga risasi. Vijana walitaka kuwamaliza askari wale, na walikuwa wengi kuwazidi. Black Kettle akapita katikati yao juu ya farasi, akiwazuia. Shoga, mnyonge anaweza hilo?

Septemba akaenda Denver kuonana na Evans, gavana wa Colorado, na Kanali Chivington wa jeshi, akarudi akiamini kwamba wakikaa karibu na ngome ya Fort Lyon watasalimika. Alfajiri ya Novemba 29, pale Sand Creek walipopiga kambi, Chivington akawavamia na askari wake. Chifu alikuwa amepewa bendera ya Marekani na serikali yenyewe. Akaitweka kwenye mti wa hema pamoja na kitambaa cheupe, akiwaambia watu wasiogope. Waliuawa zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mkewe, Medicine Woman Later, alipata majeraha tisa. Mumewe alirudi kumtafuta, akamkuta hai, akambeba. Kapteni Silas Soule, mmoja wa maofisa wa Chivington, alikataa kuwaamuru askari wake wafyatue, akatoa ushahidi, na mwaka 1865 akapigwa risasi akafa mtaani Denver. Chivington hakupelekwa mahakamani kamwe.

Mikataba mingine na serikali, ya 1865 na 1867, akaitia saini pia. Hapo hata mimi hukuna kichwa. Lakini angefanya nini, na watoto wale, na nyati wanapungua?

Novemba 1868 alikwenda Fort Cobb kumwomba Jenerali Hazen awaruhusu wahamie karibu na ngome. Hazen akakataa. Siku chache baadaye, tarehe 27, Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, akaivamia kambi yake kando ya mto Washita. Black Kettle na mkewe walipigwa risasi wakafa wakijaribu kukimbilia mtoni. Kisha askari wakachinja na kupiga risasi mamia ya farasi wa kambi, watakaobaki wasiwe na cha kupanda.

Evans alilazimishwa kujiuzulu 1865, ila mlima wenye jina lake kule Colorado ulibadilishwa jina mwaka 2023 tu.

Haya, niandikie unipinge. Na picha za harusi ya mdogo wako ulizoniahidi, mbona kimya?

Wako,
Mwanaisha