Nati yenye gundi ya njano

Charlotte, North Carolina
Juni

Ndugu yangu Fundi,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Mimi sijambo. Zamu za usiku ghalani zinachosha, lakini riziki inapatikana, tunamshukuru Mungu. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo na gereji inakwenda. Nisalimie sana Mama, mwambie nilipata maombi yake na ninayahitaji bado.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliiona ile video ya mbio za magari niliyokutumia ukasema, "Sasa hawa wanazunguka tu, kushoto, kushoto, mpaka usiku. Raha iko wapi?" Nilianza kukujibu kwa simu nikaona maneno hayaenei. Leo sina zamu, nimekaa mezani nikuandikie kama tulivyokuwa tunaandikiana zamani, maana katika watu wote ninaowajua wewe ndiye wa kuelewa jambo hili.

Hapa jirani yangu ni mzee wa Kizungu anayekaribia miaka 70. Maisha yake yote amefanya kazi kwenye karakana za magari ya mbio. Kama Dar ukitafuta vipuri unavyoelekezwa Gerezani, basi huku ukitafuta timu za NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi, unaelekezwa Charlotte na miji inayoizunguka: Concord, Mooresville, Huntersville. Karibu zote ziko hapa. Mzee huyu hakuwa dereva. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga nati za matairi. Jumapili ya mwisho wa Mei akanigongea mlango, akasema leo twende wote.

Mbio zenyewe ni za maili 600, yaani kama kilomita 965. Fikiria utoke Moshi mpaka Dar, ugeuze, urudi mpaka uwe umeshaipita Mombo, na safari yote hiyo uifanye ndani ya uwanja wa kilomita 2.4 kwa kuuzunguka mara 400. Kona zake zimeinuliwa nyuzi 24, ukisimama pale chini unaona kama lami imepanda ukutani. Wanaanza jua bado lipo, wanamaliza usiku. Ndani ya gari joto hupita nyuzi 50. Milango haifunguki, dereva huingia kwa dirishani.

Tulipokaa, mzee akanipa darubini akaniambia nisiangalie magari, niangalie ukuta. Ule ukuta mfupi ulio kando ya njia ya kuingilia, ambako timu zimejipanga na matairi yao. Basi nikaangalia.

Fundi, sikiliza. Wanaoruka ukuta ni watu 5 tu. Wawili wa nati, mmoja wa kubeba matairi, mmoja wa jeki, mmoja wa mafuta. Gari linaingia, halijasimama sawasawa, wao wameshakuwa hewani. Wanalizunguka kwa mbele kwenda upande wa kulia. Mwenye jeki anaisukuma chini ya gari, anakandamiza mpini mara moja, mara moja tu, na upande mzima wa gari lenye tani 1.5 na ushee unanyanyuka. Mashine ya upepo inalia kwa kifupi, tairi limetoka, jingine limeingia, na kila tairi na rimu yake lina zaidi ya kilo 20. Huku nyuma mwenye mafuta ameegemeza dumu begani, mdomo wa dumu umeshaingia kwenye tangi, petroli inashuka kwa uzito wake yenyewe. Wanarudi kushoto, hivyohivyo. Kisha jeki inashushwa, na gari linaondoka. Dereva hangoji kupigiwa kelele wala kupungiwa mkono. Jeki kushuka ndiyo ruhusa yake.

Nilihesabu. Matairi manne na mafuta, sekunde 10. Na zipo timu zinazoshuka chini ya hapo. Kwa kasi wanayokwenda pale uwanjani, sekunde 1 ni kama mita 80 za barabara, kwa hiyo nati moja ikigoma, dereva aliyehangaika saa nzima kupita watu watatu anawakuta wote mbele yake tena.

Hapo nikakukumbuka usiku ule wa Same, tairi la nyuma la Fuso limepasuka, jeki inazama mchangani, ukaagiza ule ubao wa kitanda cha mizigo uwekwe chini, nami nimekushikia tochi ya simu mdomoni. Hukuwahi kupoteza nati hata moja. Ulizipanga kwenye kofia yako moja moja. Nilimsimulia mzee habari hiyo palepale jukwaani, akaitikia kwa kichwa, akasema huyo rafiki yako ni mtu wa kazi.

Akanieleza enzi zake. Tangu 2022 tairi linafungwa kwa nati moja kubwa ya katikati. Kabla ya hapo zilikuwa 5 kwa kila tairi, yaani 20 za kufungua na 20 za kufunga. Unajua walifanyaje zisianguke? Walizibandika kwenye rimu kwa gundi ya njano, siku ya mbio, moja moja kwa mkono. Tairi likipachikwa, nati zote 5 zimeshakaa kwenye vichwa vya stadi, zile bolti za kitovu, mashine inapita juu yake moja baada ya nyingine na gundi inakatika yenyewe. Gundi ikizidi, mashine inakwama. Ikipungua, nati inadondoka kabla ya wakati wake. Mzee alikuwa anabandika mwenyewe, hakumwachia mtu. Aliponyoosha mkono kunionyesha, kidole cha shahada kilikuwa kimepinda, na akauzungusha ule mkono hewani mara 5 haraka kama mtu anayepiga ngoma ndogo. Miaka mingi imepita, mkono bado unajua.

Siku hizi kazi hiyo imekuwa ya wanamichezo hasa. Timu zinachukua vijana waliocheza mpira wa Kimarekani vyuoni, zinawafundisha kuruka ukuta na kushika mashine. Yupo dada mmoja, Brehanna Daniels, alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni Norfolk State, hakuwa na habari na magari kabisa. Akajaribu, na mwaka 2018 alikuwa anabadilisha matairi kwenye mbio kubwa za Daytona, Florida, mwanamke wa kwanza mweusi kufanya hivyo. Mwonyeshe binti yako mkubwa picha zake, yule anayependa kukaa gereji na wewe.

Na waliofikiri kwanza kwamba muda wa kusimama nao ni mbio, ni ndugu wawili wa kijiji cha Stuart, Virginia: Glen na Leonard Wood. Zamani gari likiingia, kila mtu alifanya kazi kwa nafasi yake. Hawa wakaona muda unamwagika pale, wakaanza kupanga nani anashika nini na anapita wapi. Mwaka 1965 wakaitwa Indianapolis kumhudumia dereva Jim Clark, Mskoti, katika mbio ambazo si zao kabisa, na akashinda.

Sasa asili ya mchezo wenyewe utaipenda. Ni gongo. Nasema kweli. Milimani huku watu walipika pombe yao usiku, wakaipeleka mijini kwa magari ya kawaida ili kuwakwepa watu wa kodi. Kwa nje gari ni la kwenda nalo kanisani, kwa ndani injini imefanyiwa kazi na springi za nyuma zimekazwa ili mzigo usilikalishe chini. Wewe ulishawahi kufungua Probox ya mirungi, unajua ninachosema. Usiku mzigo, Jumapili wanashindana kwenye shamba la mtu nani ana gari kali. Desemba 1947 mwandaaji wa mbio, Bill France, akawakusanya wenye mbio hizo katika hoteli moja Daytona Beach, na mwaka uliofuata NASCAR ikasajiliwa. Mbio zake za kwanza za magari ya dukani zilifanyika hapahapa Charlotte, Juni 1949. Aliyemaliza wa kwanza, Glenn Dunaway, akanyang'anywa ushindi kwa sababu wakaguzi walikuta springi za nyuma zimetiwa vyuma. Gari lilikuwa la gongo! Ushindi akapewa Jim Roper. Na Junior Johnson, aliyekuja kushinda mbio 50, alikamatwa mwaka 1956 si barabarani bali kwenye mtambo wa baba yake, akakaa jela miezi 11. Rais Reagan alimsamehe mwaka 1986.

Lakini mtu niliyetaka hasa kukusimulia ni Wendell Scott.

Nitakwambia ukweli, pale jukwaani watu weusi si wengi. Bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa ilikuwa ikipepea kwenye viwanja hivi mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2020. Mzee aliliona hilo usoni mwangu. Wiki iliyofuata akanipeleka mjini kwenye jumba la heshima la mchezo huu, akaniacha nisome mwenyewe.

Scott alizaliwa Danville, Virginia, mwaka 1921. Aliendesha teksi, akawa fundi wa magari jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi akafungua gereji yake, na ndiyo, alibeba gongo. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi wa kuvuta watazamaji, wakaenda kuwauliza polisi ni nani huwa anawakimbia vizuri. Polisi wakamtaja yeye. Viwanja vingine vilimfukuza getini. Alipofika daraja la juu mwaka 1961 alikuwa na miaka 39, hana mdhamini wa maana, gari ni mitumba, na mafundi wake ni watoto wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyejenga injini, yeye ndiye aliyeendesha gari la kuvuta, na yeye ndiye aliyeshindana.

Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, kwenye uwanja wa vumbi, alimpita Richard Petty zikiwa zimebaki raundi 25 akaongoza mpaka mwisho akiwa na namba yake 34. Bendera ya kumaliza haikushushwa kwake. Wakampungia Buck Baker, dereva Mzungu, wakampa na kombe. Saa kadhaa baadaye, watu wameshaondoka, wakakiri kwamba hesabu ilikosewa na Scott alikuwa mbele kwa raundi mbili nzima. Fedha akapewa. Kombe halikuonekana. Mwenyewe alisema hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya umati na yule mrembo wa Kizungu aliyekuwa akimbusu mshindi.

Aliendelea, Fundi. Mbio 495 kwa jumla, kwenye 147 alimaliza ndani ya kumi bora, gari la mitumba, mpaka ajali mbaya ya uwanja wa Talladega, Alabama, mwaka 1973 ilipomtoa. Alifariki 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe Agosti 2021, pale Daytona. Karibu miaka 58. Wiki chache baadaye Bubba Wallace alishinda Talladega, dereva mweusi wa kwanza kushinda katika daraja hilo tangu siku ile ya Jacksonville.

Nilisimama mbele ya picha yake nikamkumbuka marehemu mzee wako. Unakumbuka alivyokuwa anatusimulia Joginder Singh, mtu wa spana wa Nairobi, alivyoshinda Safari Rally ya 1965 na Volvo iliyokwishatumika, ndugu yake Jaswant kando yake? Mzee wako alikuwa akifika hapo kwenye "iliyokwishatumika" anasimama, anatuangalia mmoja mmoja. Chevrolet ya Scott nayo ilitoka kwa dereva mwingine, Ned Jarrett. Nilitamani sana mzee angekuwepo nimpigie simu siku ile.

Jambo moja zaidi kuhusu usiku ule wa uwanjani. Ni siku ambazo Marekani inawakumbuka askari waliokufa, na juu ya kioo cha mbele cha kila gari limeandikwa jina la askari mmoja. Katikati ya mbio magari yote yakaingia, yakapanga mstari, injini zikazimwa zote. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma. Hakuna aliyesema neno. Wale vijana wa matairi walikuwa wamesimama mbele ya magari, kofia mkononi, magoti yana vumbi jeusi la breki. Mzee akanong'ona jina la rafiki yake, si askari, ni fundi mwenzake. Sikumuuliza zaidi. Halafu injini zikawashwa.

Nimalizie, karatasi inaisha. Agosti kuna mtu wa Moshi anakuja nyumbani, atakupigia akifika stendi. Nimempa spana mbili ulizoniagiza, viatu vya watoto, na bahasha ndogo yenye nati moja. Ni ya mzee, aliitoa mwenyewe kwenye kopo lake nilipomwambia nakuandikia. Upande mmoja ina mabaki ya gundi ya njano. Tafadhali usiioshe kwa petroli.

Mimi nduguyo wa Pasua