"Mna chakula chochote hapa?" Salamu za Pasaka kutoka Malindi

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli.

Nawasalimu nyote Pasaka hii, wa mjini hapa na wa Mambrui, Gongoni, Watamu, Gede, Ganda, Kakoneni hadi Langobaya. Nawasalimu na ninyi mlio Mombasa na Nairobi kikazi, na dada zetu walioko Uarabuni, ambao Jumapili hii kwao ni ya kupiga deki na kufua kama siku nyingine yoyote, na Pasaka wanaipata usiku kwa simu, kazi zikiisha. Twawataja kwa majina kila tunapoomba. Na majirani zetu Waislamu, sahani zenu za Idi hatujazisahau. Zetu ziko njiani.

Kaskazi imekwisha, kusi imeshaanza kuvuma. Wenye ngalawa na mitumbwi hawathubutu kwenda mbali, bahari imechafuka, na sokoni samaki ni wachache na bei imepanda. Huko mashambani watu wanapanda kwa ajili ya masika, na mbegu wanayoitia ardhini mara nyingi ndiyo iliyokuwa imebaki ghalani. Pasaka ya kwetu huja wakati wa uhaba, na ziko nyumba ambazo mwezi huu sufuria hupanda motoni mara moja kwa siku. Nalitaja hili mapema kwa kuwa salamu zangu za mwaka huu ni za chakula.

Someni tena Luka 24. Yesu anasimama katikati ya wanafunzi wake, nao wanashtuka wakidhani wanaona roho. Anawaonyesha mikono na miguu, bado hawasadiki. Ndipo anapouliza, "Mna chakula chochote hapa?" Wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakitwaa, anakula mbele yao. Luka alikuwa na nafasi ya kutueleza mambo makubwa juu ya mwili uliofufuka, naye akaona lisilofaa kuachwa ni samaki.

Kisha nendeni Yohana 21. Wamevua usiku kucha wasipate kitu, asubuhi ambayo mvuvi yeyote wa hapa anaijua bila kusimuliwa. Wanaposhuka pwani wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa," anawaambia. Moto wa makaa Yohana ameutaja mara mbili tu katika Injili yake yote. Mara ya kwanza ni uani kwa Kuhani Mkuu, usiku wa baridi, Petro akiota moto pamoja na watumishi na kumkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni huu wa ufukweni. Petro yule yule, pua zikinusa makaa tena, safari hii Bwana yule yule aliyemkana ndiye anayempa mkate na samaki. Yale maswali ya "Wanipenda?" yanakuja baadaye, wakiisha kula, na agizo linalofuata kila jibu ni la kulisha na kuchunga. Wengi wetu tukihubiri tunakiruka kile chakula ili tufike upesi kwenye maswali. Mimi Kwaresima nzima nimeshindwa kuondoka pale kwenye makaa.

Na binti Yairo, yule Yesu aliyemfufua, Marko 5. Marko anaandika Kiyunani, lakini akifika kitandani kwa mtoto yule wa miaka 12 anayaacha maneno kwa Kiaramu, kama Yesu alivyoyatamka: Talitha kumi, yaani "Msichana, inuka." Wafasiri wetu nao hawakuyagusa. Kwa hivyo mtoto wa Ganda akisoma mstari huo kwa sauti, anatamka maneno yale yale yaliyomwamsha yule binti, na kila nikisikia mtoto akiyasoma nasisimka. Sasa tazameni sura inavyoisha. Watu wameshangaa mno, na Yesu anatoa amri mbili: habari zisienezwe, na mtoto apewe chakula.

Mnajua kwa nini nalikazania hili. Aprili 2023, Pasaka ikiwa imetoka kupita, makaburi ya msitu wa Shakahola yalianza kufukuliwa. Ilitolewa miili zaidi ya 400, mingi ya watu waliokufa kwa njaa, watoto wakiwemo, kwa mafundisho kwamba wakifunga mpaka wafe watakutana na Yesu. Mochari hapa Malindi ilijaa. Watu walikuja kutoka pande zote za Kenya kutoa vipimo vya DNA wakitafuta mama, ndugu, wajukuu. Wako kati yetu ambao hata sasa hawajapata mtu wa kuzika. Kwenu sina mahubiri. Poleni, na tena poleni. Mkiona siku hii ni nzito msijilazimishe kuimba, sisi tutaimba na ninyi mkae nasi.

Lakini kwa sisi wengine tuliobaki na midomo ya kusema, nasema wazi: aliyefufuka hakuwahi kumwita mtu afe njaa ili amwone. Yeye mwenyewe alifunga siku 40, na Mathayo hakuficha kwamba mwishoni aliona njaa, wala kwamba malaika walikuja wakamtumikia. Alitoka jangwani hai, akaenda kufanya kazi. Kufunga tunakujua pwani hii, wa Kwaresima na wa Ramadhani, na sote twajua kwamba saumu ina saa yake ya kufungua. Anayefundisha saumu isiyo na kufungua hakuitoa kwenye Injili yoyote kati ya zile nne.

Waliokufa msituni walikuwa watu wa Biblia kama sisi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mstari ukichomolewa kwenye sura yake, ukashikwa na mtu asiyeulizwa swali, utasemeshwa lolote. Ndiyo sababu sisi tunaokutana bila jina la dhehebu twasoma sura nzima, kwa sauti, hata ikichosha. Mmoja anashika Biblia ya Union Version, mwingine ya Habari Njema, wazee wanafuata kwa Kigiriama, na wenye Kiyunani au Kiebrania kidogo, ambao ni wachache na bado wanajifunza, wanaangalia maandishi ya asili yanasemaje. Hatumtoi mtu kanisani kwake. Ijumaa Kuu wako wetu wanaotembea njia ya msalaba na Wakatoliki, na wanaokesha na Waanglikana au Wapentekoste. Tumekataa jambo moja tu, mtu kusimama kati ya msomaji na maandiko akasema usiulize. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha kila siku wakayachunguza maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawaita waungwana kwa sababu hiyo. Paulo mtume alichunguzwa. Mhubiri wa leo, mimi nikiwemo, ni nani asichunguzwe?

Mfano mmoja, na huu ni wa Pasaka hasa. Mwisho wa Marko 16 mna maneno ya kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha bila kudhurika. Nakala mbili za kale sana za Agano Jipya la Kiyunani, ile ya Vatikano na ile ya Sinai, zote za karne ya 4, hazina maneno hayo. Marko ndani yake anaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu. Haya si siri ya wasomi, na muumini wa Langobaya ana haki ya kuyajua kama wa London. Imani yangu haikutikisika nilipoyajua. Kaburi ni tupu hata katika mistari minane, kijana mwenye vazi jeupe anasema "amefufuka," na wanawake wale wanatetemeka kama ambavyo ningetetemeka mimi. Lakini akija mtu na chupa ya sumu na mstari wa 18 mkononi, nataka mama yangu awe na la kumwambia.

Wako pia wanaotamka Kiyunani madhabahuni ili tuduwae. Hiyo nayo ni njia ya kufunga mlango. Kiyunani cha Agano Jipya kilikuwa cha bandarini na sokoni, lugha ya makabila mengi kuelewana, kama Kiswahili kilivyokuwa pwani hii kabla hakijafundishwa darasani. Hata anwani ya msalaba, Yohana 19:20, iliandikwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, na wengi wakaisoma kwa kuwa mahali pale palikuwa karibu na mji. Pilato hakukusudia wema. Hata hivyo jina la Yesu lilitundikwa pale kwa lugha za wapita njia.

Kwetu Wareno walitia nanga Malindi Pasaka ya 1498, wakatuachia mnara wenye msalaba ambao leo ni wa watalii kupigia picha. Maandiko yalitufikia baadaye na kwa namna nyingine. Mwaka 1844 huko Mombasa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi uliofuata alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na kazi haikuachwa. Huwa namfikiria sana yule kadhi, mzee wa Kiislamu akimtafutia mgeni Mkristo maneno ya habari za kuumbwa ulimwengu. Mtu akikuambia kumpenda Kristo ni kumchukia jirani yako Mwislamu wa mtaa wa Shela au Barani, mkumbushe ni nani aliyesaidia kuanza.

Jumatatu ya Pasaka tutakuwa pamoja kuanzia saa nne asubuhi. Kutakuwa na wali wa nazi, maharagwe, mchicha, na samaki kwa kadiri bahari itakavyoruhusu. Mwenye nazi alete nazi, mwenye kuni alete kuni, asiye na kitu aje na watoto wote, asibakishe hata mmoja nyumbani. Tutakula kwanza, ndipo tusome Yohana 21 yote, kwa kuwa Bwana mwenyewe alifuata utaratibu huo. Mwenye swali aje nalo, na mwenye jirani anayeogopa kuingia kwenye mkutano wa dini tangu ile 2023 amwambie hatutamwomba sadaka wala jina.

Pasaka njema, ndugu zangu. Mungu awalishe.